Siku Minase Alipofunuliwa Uso

Fikirte alirudi kutoka shule saa saba mchana. Aliweka madaftari yake juu ya gunia la nafaka ya tefu, akala mkate wa injera na mchuzi wa shiro wima wima, akanawa mikono, kisha akageuza mgongo. Hakuambiwa ageuke. Alikuwa amezoea. Mama yake, Askale, alimpandisha mtoto Minase juu ya ule mgongo, akamkaza kwa kitambaa kizito. Halafu alichukua mtandio mweupe akamfunika mtoto uso wote, utosini hadi kidevuni.

“Nenda mpaka kwenye mashine ya kusaga, urudi,” alisema. “Usisimame na mtu. Na mtandio usiuguse.”

“Nikikutana na mama Mekdes?”

“Hapo ndipo utembee upesi.”

Fikirte akaondoka. Alikuwa na miaka kumi na mmoja na alisoma darasa la tano. Minase alikuwa na miezi kumi na mmoja. Kila alasiri wawili hao walikwenda na kurudi njia ile ile. Mmoja alitazama vidole vya miguu yake, mwingine alitazama weupe wa kitambaa. Hawakuambiana neno.

Askale alibaki jikoni na moshi wake. Alioka injera za kuuza kwa migahawa miwili ya barabarani. Mumewe, Tefera, alikuwa dereva wa lori na alikuja nyumbani mara moja kwa wiki mbili. Kazi ilikuwa nyingi na mikono ilikuwa miwili. Bila mgongo wa Fikirte, uji wa tefu ungechacha hadi kufurika chomboni.

Sasa tuseme habari za mama Mekdes, maana ndiye aliyemnyima Askale raha. Jina lake Zenebech. Nyumba zao zilitenganishwa na ukuta wa mawe unaofika kifuani. Zenebech alikuwa na binti, Mekdes, aliyesoma darasa moja na Fikirte. Alikuwa pia na mtoto mchanga, Ruhama, aliyezaliwa wiki mbili baada ya Minase. Kuwa na jirani anayefanana nawe kwa kila kitu ni mtihani. Unapima. Huwezi kuacha kupima.

Juma lililopita wanawake walikunywa kahawa kwa Zenebech. Kwenye kikombe cha pili Ruhama alipiga makofi, akamnyooshea kidole mama yake, akasema, “Mama.” Wanawake wote walitema mate kidogo hewani, tuf, tuf, kumkinga mtoto na husuda, kama ilivyo desturi. Askale naye alitema. Lakini moyoni alihisi kama aliyemeza kaa la moto. Minase alikuwa mapajani pake, amekaa kimya kama mfuko wa unga. Hakupiga makofi. Hakunyoosha kidole. Hakusema hata “ba”.

“Huyu wangu ni mtulivu,” Askale aliwaambia wenzake. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Tangu siku hiyo alizidi kumfunika Minase. Alijiambia kwamba Zenebech ana jicho baya, na kwamba jicho hilo ndilo lililomfunga mtoto ulimi. Kila kicheko cha Ruhama kilichopita juu ya ukuta kilimchoma.

Kisha ikaja habari ya shule. Mwaka uliopita Fikirte alikuwa wa nne darasani. Safari hii, katika majaribio ya katikati ya muhula, alikuwa wa thelathini na moja kati ya wanafunzi hamsini na wawili. Wa kwanza alikuwa Mekdes. Mwalimu alituma ujumbe kwamba Fikirte hafanyi kazi za nyumbani. Akianguka katika mtihani wa nusu mwaka, huenda akarudia darasa.

Askale alifikiri siku mbili, akafikia uamuzi. Fikirte aache shule sasa, kabla ya mtihani, akae nyumbani alee mtoto. Mwakani ataanza upya. Alijipa sababu nyingi: kazi, moshi, mtoto. Lakini sababu ya kweli aliijua mwenyewe. Hakutaka matokeo yasomwe mbele ya wazazi wote, jina la Mekdes juu na la binti yake chini kabisa.

Fikirte aliposikia, alishika ncha ya vazi lake.

“Emaye, mama yangu,” alisema, “niache nifanye huo mtihani mmoja tu.”

“Utaufanya kwa akili ipi? Umekuwa wa thelathini na moja.”

“Nasoma saa ngapi, Emaye? Nikirudi nabeba mtoto. Nikimtua, jua limezama.”

Askale aligeukia moto. Alimimina uji wa tefu juu ya mitadi, ile sahani pana ya udongo, akauzungusha kwa mkono wenye hasira. Injera ile ilitoka na upande mmoja mnene na mwingine umechanika. Migahawa isingeipokea.

Jumamosi asubuhi alikuja Bizunesh, mhudumu wa afya wa mtaa. Huyu alipita nyumba kwa nyumba na mkoba wake, na ulimi wake haukujua kuzungukazunguka. Alimpima Minase uzito, akasema uzito unafaa. Akamshika miguu, akaitazama kwa muda mrefu. Alipiga makofi hewani, nyuma ya kichwa cha mtoto. Minase akageuka.

“Masikio yanasikia,” alisema. “Sasa niambie, mama Fikirte, huyu anasema nini?”

“Hasemi. Amefungwa na jicho.”

“La nani?”

Askale alielekeza kidevu kwenye ukuta wa mawe.

Bizunesh aliuchukua ule mtandio mweupe uliokuwa umetundikwa msumarini. Alimfunika Askale kichwa na uso kabla hajajua kinachofanyika. “Haya. Tembea mpaka langoni.”

“Una wazimu wewe?”

“Tembea tu, dada yangu. Mwanao hutembea hivyo kila siku.”

Askale alitembea kwa sababu alikuwa na hasira. Aliona weupe tu. Alisikia kuku, lakini hakujua kuku yuko wapi. Alikanyaga beseni la maji, akalowa mpaka kifundo cha mguu. Alipofika langoni alitoa mtandio ule kwa nguvu, na jua likamwangukia machoni.

“Umeona nini?” Bizunesh aliuliza.

“Sikuona kitu.”

“Umejifunza nini?”

Askale alikung'uta maji mguuni.

Bizunesh aliketi kwenye kigoda na kueleza. Alisema akili ya mtoto hukua upesi mno katika miaka ya kwanza, na chakula chake ni vitu anavyoviona na maneno anayoambiwa. Mtoto akimwona punda, na mtu akamwambia “punda”, siku moja naye atasema punda. Asipoona wala kuambiwa, atasema nini? Tena kuna habari ya jua. Mtoto anayefunikwa siku zote hukosa jua la kuipa mifupa nguvu, na miguu yake huweza kupinda. Jua la asubuhi kidogo kwenye mikono na miguu, kila siku, humsaidia. Akasema atarudi kuitazama miguu ya Minase, na kama haonyeshi maendeleo, watakwenda pamoja kwenye kituo cha afya.

“Na jicho la Zenebech?” Askale aliuliza. “Nalo nilianike juani?”

“Zenebech hamfuniki wake.”

“Amwogope nani? Hakuna anayemwonea wivu.”

Bizunesh alifunga mkoba wake polepole. “Una hakika?” alisema, akaenda zake.

Swali hilo lilimkaa Askale kooni siku mbili nzima. Jumatatu, baada ya Fikirte kuondoka na mtoto, aliufunika uji wa tefu na kutoka. Alikusudia kujua dawa anayoitumia Zenebech. Alikuwa na hakika ipo dawa. Mtoto hawezi kusema “mama” kwa miezi kumi na mmoja bila kupewa kitu.

Mekdes alikuwa ndiyo kwanza amelipita lango la Askale, Ruhama mgongoni. Uso wa Ruhama ulikuwa wazi. Askale aliwafuata kwa mbali, akijificha nyuma ya mikaratusi. Mwanamke mzima wa miaka thelathini na mitano, anamnyemelea mtoto wa shule. Aliona aibu, lakini miguu haikurudi nyuma.

Mekdes alikuwa anaongea. Mwanzoni Askale alidhani ni maneno ya uganga. Alisogea, akasikia.

“Sabini, sabini na moja, sabini na mbili,” alisema Mekdes, akagusa nguzo ya umeme. “Ruhama, kutoka nguzo hadi nguzo ni hatua sabini na mbili. Tukipita nafasi nne, ni hatua ngapi?” Alingoja kama anayengoja jibu kwa mtu mzima. Ruhama akasema, “Ba-ba-ba.” Mekdes akajibu, “Karibu upatie. Ni mia mbili themanini na nane.”

Walifika mahali njia inapopanda mgongo wa kilima. Vijito viwili huanzia hapo, kimoja kila upande. Mekdes alichuma majani mawili, akatupa moja huku na moja kule. Alimwambia mdogo wake kwamba jani hili litaingia mto Abay, ndio Nile ya Buluu, lipite Sudan, lifike Misri hadi baharini. Lile jingine litaingia mto Awash. Awash hauioni bahari kamwe. Unaishia jangwani, kwenye ziwa la chumvi.

Askale alikuwa ameteka maji katika vijito hivyo tangu utotoni. Hakuwahi kujua yanakokwenda. Hakukanyaga darasa hata siku moja. Akiwa amesimama nyuma ya mti, alimwonea wivu mtoto wa miezi kumi na mmoja, kwa sababu mtoto yule alikuwa anaambiwa mambo ambayo yeye hakuambiwa na mtu.

Kwenye mashine ya kusaga, Mekdes alikishika kidole kidogo cha Ruhama na kukipitisha juu ya herufi za kibao cha jina la mashine, moja moja, akizitamka. Alipima kivuli cha nguzo ya lango kwa nyayo zake. “Jana tulikuja saa nane, kilikuwa nyayo sita. Leo ni saa tisa, ni nyayo tisa. Jua likishuka, kivuli kinarefuka.” Njiani Fikirte alikuwa amekwisha kuwapita akirudi nyumbani, kichwa chini, mtandio juu ya Minase. Alipita kila kitu na hakuona kimoja.

Basi dawa ilikuwa hiyo. Maneno tu.

Mekdes aligeuza kurudi, akiimba hesabu ya tatu: tatu, sita, tisa. Askale alifuata. Walipokaribia nyumbani, Mekdes aliacha kuimba. Alisimama. Alivuta mtandio wake na kumfunika Ruhama uso wote.

“Hapa tunyamaze,” alimwambia kwa sauti ndogo. “Mama amesema hapa pana jicho.” Akapita mbio.

Askale alitazama ni kwa nani. Lango lile lilikuwa lake.

Alikaa chini penye mizizi ya mkaratusi. Kwanza alikasirika, akataka kwenda kugonga kwa Zenebech na kumvunjia heshima. Kisha hasira ikakosa pa kushika. Alikumbuka siku ya kahawa, na lile kaa la moto. Alikumbuka alivyomtazama Ruhama. Wao walikuwa wanalikimbia jicho, naye alikuwa anajua jicho hilo ni la nani. Machozi yalimtoka, na hakuyafuta.

Alipofika nyumbani, Fikirte alikuwa amesimama uani, bado amembeba mtoto, anamngoja mama amtue. Askale alimwendea na kuutoa mtandio usoni mwa Minase. Mtoto alipepesa macho. Alitazama mbingu, akatazama ukuta, akatazama jogoo juu ya ukuta. Mdomo ukabaki wazi.

“Kesho usimfunike uso,” Askale alisema. “Mvalishe kofia tu, jua lisimuunguze. Na kila walichokufundisha asubuhi, mwambie yeye.”

“Hataelewa, Emaye.”

“Mwambie hivyo hivyo.”

“Na shule?”

Askale aliukunja mtandio mkononi. “Utafanya mtihani. Ukisomwa wa mwisho, nitakuwepo nisikie.”

Bizunesh aliporudi wiki ile, alimwonyesha Fikirte namna ya kufanya. Mtazame mtoto anatazama nini, kisha kitaje. Akitoa sauti, mjibu. Ukimuuliza, ngoja kidogo. Na wewe ukilieleza somo kwa sauti, utajua mara moja ni wapi hukulielewa. Hapo uliza kesho yake shuleni. Kwa Askale alikuwa na neno jingine. “Matembezi peke yake hayatoshi. Mtoto wa shule anahitaji kuketi na daftari. Na wewe nawe una mdomo, usimwachie Fikirte kazi yote ya kuongea.”

Askale akabadili kazi yake. Alianza kuoka alfajiri, Minase akiwa bado amelala. Fikirte alimtembeza mtoto kwa muda wa saa moja tu, kisha Askale akampokea. Fikirte aliandika kazi zake juu ya gunia la tefu mpaka jua lipungue. Askale alimweka Minase kwenye mkeka karibu naye, mbali na moto, akahesabu injera kwa sauti wakati wa kuzipanga. Mwanzoni alijisikia mjinga. Siku ya tano alijikuta anamgombeza mtoto kwa mzaha, ati amemkosesha hesabu.

Mambo hayakwenda sawa mara moja. Wiki ya kwanza Minase alilia kwa mwanga. Fikirte naye aliona haya kuongea peke yake njiani, na wachunga punda walimcheka. Lakini sehemu za hesabu, zile nusu na robo zilizomtesa darasani, zilimwingia akilini kwenye njia ile. Kutoka nyumbani hadi kwenye mashine ni njia nzima. Mgongo wa kilima ni nusu. Daraja la mawe ni robo. “Tumebakiza robo tatu, Minase,” alisema siku moja, akasimama ghafla, kwa sababu alikuwa ameelewa.

Walichuma majani ya miti tofauti wakayanusa. Waliwatafuta ndege, wakahesabu miguu ya wadudu. Kila wakirudi, Fikirte alimwinua mdogo wake juu ya ukuta wa mawe, akamwonyesha upande wa pili. “Yule nani? Yule Ruhama.” Askale alisikia, akauma mdomo, lakini hakumkataza. Minase alianza kunyoosha kidole: kwa punda, kwa mwezi wa mchana, kwa moshi wa mama yake. Akaanza kupiga makofi. Bizunesh alimpima miguu, akasema iko sawa.

Mtihani wa nusu mwaka ukaja, ukapita. Siku ya matokeo Askale alivaa vazi lake jeupe la sikukuu, akaenda kukaa kwenye benchi la wazazi. Mekdes alikuwa wa kwanza. Askale alichomwa, tusidanganyane. Alihesabu majina kwa vidole. Kidole cha tisa kilikuwa cha Fikirte. Zenebech, benchi la mbele, aligeuka kumtazama, kisha akageuza uso upesi.

Siku tatu baadaye, alasiri, Askale alisimama langoni na Minase. Mtoto alikuwa ameanza kusimama akishika nguzo. Fikirte alikuwa ndani akichukua kofia. Mekdes alitokea njiani na Ruhama mgongoni, wanaimba. Walipokaribia lango, wimbo ulikatika. Mkono wa Mekdes ulikwenda kwenye mtandio, kama kawaida. Askale aliuona mkono ule. Alitamani kuingia ndani ili asiuone ukimaliza kazi yake.

Minase aliachia nguzo kwa mkono mmoja. Alinyoosha kidole.

“Ruu,” alisema. Kisha tena, kwa nguvu zaidi, “Ruha.”

Mekdes alisimama. Ruhama alichungulia juu ya bega la dada yake, akamwona Minase, akacheka mpaka meno yake manne yakaonekana.

Askale alimtazama mwanawe. Amemzaa, amemnyonyesha, amevumilia moshi kwa ajili yake mwaka mzima, na neno lake la kwanza ni jina la mtoto wa Zenebech. Wivu ulimpanda mpaka masikioni. Halafu kikamjia kicheko, na akashindwa kukizuia.

Alipiga hatua kuelekea kwa Ruhama. Mekdes alirudi nyuma kidogo, mkono bado kwenye mtandio. Askale akasimama pale pale alipokuwa. Kutoka hapo alitema mate hewani, tuf, tuf. “Mungu akukuze, mwanangu,” alisema.

Mekdes alimtazama usoni kwa muda. Mkono wake ulishuka, na mtandio ukabaki begani.

Fikirte alitoka na kofia. Askale alijifuta unga mikononi, akampandisha Minase mgongoni mwake mwenyewe, akamkaza kitambaa.

“Leo nakwenda nanyi,” aliwaambia wasichana wale. “Nataka kutupa jani langu kwenye mto. Na kile kibao cha mashine, mnionyeshe herufi iliyomo katika jina langu.”

“Ipi, Emaye?” Fikirte aliuliza.

“Nitajuaje? Ndiyo maana nakwenda.”

Upande wa pili wa ukuta, Zenebech alisikia yote. Walipoanza kwenda, watoto wawili nyuso wazi, alikuwa amesimama langoni kwake na ndoo mkononi. Aliutazama mgongo wa Askale, akamtazama Minase aliyekuwa akimnyooshea kidole. Aliiweka ndoo chini, akavaa viatu, akawafuata.